Drafti ya NFL: Meneja mkuu apimwe kwa mizani ipi?

KILA mwaka ifikapo mwezi wa Aprili, mashabiki wa mpira wa Kimarekani huketi mbele ya runinga kwa siku tatu kufuatilia shughuli ambayo ndani yake hakuna mpira unaorushwa wala jasho linalomwagika. Shughuli hiyo ni drafti, ambapo klabu 32 za ligi ya NFL huchagua kwa zamu wachezaji chipukizi kutoka vyuo vikuu. Pindi inapomalizika, wachanganuzi huwa tayari wamewatunukia mameneja alama kama za mtihani wa shule: huyu A, yule D.

Alama hizo hutolewa kabla ya vijana waliochaguliwa kucheza hata mechi moja. Ni sawa na mwalimu kusahihisha karatasi ambayo mwanafunzi hajaiandika. Waswahili husema nyota njema huonekana asubuhi, lakini historia ya drafti imejaa nyota zilizong'aa asubuhi zikazimika kabla ya adhuhuri, na nyingine ambazo hakuna aliyeziona hadi usiku ulipoingia.

Swali basi ni hili: iwapo si kwa alama za siku ya kwanza, meneja mkuu anastahili kuhukumiwa vipi? Jibu lina uzito kwa sababu uamuzi huo ndio humpa mtu kazi au kumpokonya, na ndio huamua iwapo mji mzima utashangilia au utalia kwa muongo mmoja.

Meneja mkuu ni nani?

Wasomaji waliozoea ligi ya Uingereza, ambako mara nyingi meneja ndiye kocha, huenda wakachanganyikiwa. Katika NFL kocha hupanga kikosi na kuongoza mechi. Meneja mkuu huketi ofisini. Yeye ndiye husimamia maskauti, mikataba na mishahara, na katika klabu nyingi ndiye mwenye kauli ya mwisho siku ya drafti.

Aidha, mfumo wenyewe ni tofauti na ule unaojulikana Afrika Mashariki. Klabu kama Gor Mahia au AFC Leopards inaweza kumsajili mchezaji yeyote anayekubaliana nayo. Katika NFL, kijana anayetoka chuoni hana hiari hiyo. Klabu iliyomchagua ndiyo pekee yenye haki ya kuzungumza naye mkataba.

Wazo hilo lilitolewa na Bert Bell, mmiliki wa Philadelphia Eagles, aliyeona kwamba klabu tajiri zilikuwa zikiwanyakua wachezaji bora mwaka baada ya mwaka. Drafti ya kwanza ilifanyika Philadelphia mnamo 1936. Kanuni yake kuu haijabadilika: klabu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita huchagua kwanza, na bingwa huchagua mwisho. Mchezaji wa kwanza kabisa kuchaguliwa, Jay Berwanger, hakucheza hata mechi moja ya NFL. Hivyo basi, drafti ilizaliwa pamoja na makosa yake.

Tangu 1994 drafti imekuwa na raundi saba. Klabu zinaruhusiwa kubadilishana nafasi zao, hata za miaka ijayo. Hapo ndipo ustadi wa meneja huanza kuonekana, kwani hachagui wachezaji tu, bali pia hununua na kuuza zamu.

Mfano wa Baltimore

Pengine hakuna rekodi inayofunza zaidi kuliko ya Ozzie Newsome wa Baltimore Ravens. Newsome alikuwa mchezaji wa Cleveland Browns kuanzia 1978 hadi 1990, na aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mchezo huo mnamo 1999. Mmiliki Art Modell alipoihamisha klabu kutoka Cleveland hadi Baltimore mnamo 1996, Newsome alikabidhiwa idara ya wachezaji. Mnamo 2002 alipewa rasmi cheo cha meneja mkuu, akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kushika wadhifa huo katika historia ya NFL. Alisimamia drafti 23, ya mwisho ikiwa ya 2018.

Drafti yake ya kwanza ingali inasimuliwa. Ravens walikuwa na nafasi ya 4 na ya 26 katika raundi ya kwanza. Modell alitamani Lawrence Phillips, mkimbiaji hodari wa chuo kikuu cha Nebraska ambaye mwenendo wake nje ya uwanja ulikuwa umezua maswali. Maskauti nao walikuwa wamempanga juu zaidi Jonathan Ogden, jitu la UCLA ambalo kazi yake ni kuwazuia wapinzani wasimfikie kwotabaki, yaani mrushaji mpira na kiongozi wa mashambulizi. Isitoshe, klabu tayari ilikuwa na mchezaji mzuri wa nafasi hiyo.

Newsome alishikilia orodha ya maskauti wake. Ogden alichaguliwa, akachezeshwa nafasi nyingine msimu wa kwanza, kisha akalinda upande wa kushoto hadi alipostaafu baada ya msimu wa 2007. Kwa nafasi ya 26, Newsome alimchukua Ray Lewis, mlinzi kutoka chuo kikuu cha Miami. Lewis aliichezea Baltimore misimu 17 na akawa mchezaji bora wa fainali ya Super Bowl ya Januari 2001, ambapo Ravens waliwanyuka New York Giants 34-7. Wote wawili sasa wamo katika Jumba la Mashujaa. Phillips alichaguliwa wa 6 na St. Louis Rams, na kabla ya msimu wake wa pili kumalizika klabu hiyo ilikuwa imeachana naye.

Iwapo hesabu ingekomea hapo, Newsome angeonekana nabii. Orodha yake ya mafanikio ni ndefu: Ed Reed, aliyechukuliwa nafasi ya 24 mnamo 2002, naye ameingia katika Jumba la Mashujaa. Terrell Suggs alichaguliwa wa 10 mnamo 2003 na akatawazwa mlinzi bora wa ligi mnamo 2011. Marshal Yanda, mmoja wa wakingaji bora wa kizazi chake, alipatikana katika raundi ya tatu mnamo 2007.

Lakini kuna ukurasa wa pili. Mnamo 2000 Newsome alitumia nafasi ya 10 kumchukua Travis Taylor, mdakaji mpira ambaye hakuwahi kufikisha yadi 1,000 katika msimu wowote. Mnamo 2003 aliwapa New England Patriots nafasi yake ya raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata, pamoja na ya raundi ya pili, ili ampate kwotabaki Kyle Boller. Boller hakuwa suluhisho, na ilibidi Ravens wasubiri hadi 2008 kumpata Joe Flacco. Matt Elam wa 2013 na Breshad Perriman wa 2015 pia walichaguliwa katika raundi ya kwanza wakaambulia patupu mjini Baltimore.

Mchagua nazi hupata koroma. Wala Newsome hakunusurika na methali hiyo.

Mfano wa Detroit

Upande wa pili wa mizani kuna Matt Millen. Yeye pia alikuwa mchezaji mashuhuri aliyenyakua mataji manne ya Super Bowl. Detroit Lions walimwajiri Januari 2001 kutoka katika utangazaji wa runinga, bila tajriba yoyote ya kuendesha ofisi ya klabu. Alipopigwa kalamu Septemba 2008, Lions walikuwa wameshinda mechi 31 na kupoteza 84 chini yake. Msimu huo ulimalizika bila ushindi hata mmoja katika mechi 16.

Kinachokumbukwa zaidi ni wadakaji mpira. Kwa miaka mitatu mfululizo, 2003 hadi 2005, Millen alitumia nafasi yake ya kwanza kwa wachezaji wa kazi hiyo moja: Charles Rogers, Roy Williams na Mike Williams. Rogers, aliyechaguliwa wa 2, alivunjika mfupa wa mtulinga katika misimu yake miwili ya kwanza na hakurejea katika ubora wake. Mara baada yake Houston Texans walimchukua mdakaji mwingine, Andre Johnson, aliyeingizwa katika Jumba la Mashujaa mnamo 2024. Mike Williams alichaguliwa wa 10, na aliyefuata papo hapo, wa 11, alikuwa DeMarcus Ware, aliyekwenda Dallas Cowboys na kuwa mmoja wa washambuliaji hatari wa makwotabaki katika historia.

Hata hivyo, haki inadai mambo mawili yasemwe. Kwanza, mnamo 2007 Millen alimchagua Calvin Johnson, naye pia mdakaji, aliyeweka rekodi ya yadi 1,964 katika msimu wa 2012 na kuingia katika Jumba la Mashujaa mnamo 2021. Pili, kuumia kwa Rogers si jambo ambalo skauti yeyote angeweza kulisoma katika kanda za video. Anayemlaumu meneja kwa mfupa uliovunjika hamhukumu meneja, anaihukumu bahati.

Tofauti ilikuwa wapi?

Iwapo wote wawili walikosea katika raundi ya kwanza, na wote wawili walipata mashujaa, mbona mmoja anaheshimiwa na mwingine akawa kielelezo cha kushindwa?

Jibu la kwanza ni wingi wa nafasi. Kanuni za NFL huipa klabu iliyopoteza wachezaji waliomaliza mikataba yao nafasi za fidia, mwishoni mwa raundi ya tatu hadi ya saba. Newsome alizitumia kanuni hizo vyema kuliko wengi. Aliwaacha wachezaji ghali waondoke, akapokea nafasi za ziada, akachagua warithi wao kwa bei nafuu. Mwenye tikiti nyingi za bahati nasibu hahitaji kuwa mwaguzi.

Jibu la pili ni kutoing'ang'ania shida moja. Newsome alijulikana kwa msimamo wa kumchukua mchezaji bora aliyebaki kwenye orodha, hata kama pengo la klabu lilikuwa kwingine. Ogden ni mfano wake. Millen alilirudia pengo lile lile mwaka baada ya mwaka, huku safu nyingine zikidhoofika. Inafaa kukumbukwa kuwa hata kosa la Newsome kuhusu Boller lilitokea pale alipouacha msimamo huo akafukuzia kwotabaki kwa pupa.

Jibu la tatu ni kile kinachofanywa baada ya kosa. Ravens walipokuwa wakimsubiri kwotabaki wa kutegemewa, safu yao ya ulinzi iliendelea kuwaweka katika ushindani. Walipompata Flacco katika nafasi ya 18 mnamo 2008, msingi ulikuwa bado imara, na Februari 2013 waliwashinda San Francisco 49ers 34-31 na kutwaa Super Bowl ya pili. Flacco alikuwa mchezaji bora wa fainali hiyo.

Bahati na hesabu

Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler, ambaye baadaye alitunukiwa tuzo ya Nobel mnamo 2017, walichunguza drafti za miaka mingi na kuchapisha matokeo yao mnamo 2013. Waliuliza swali jepesi: mchezaji akichaguliwa kabla ya mwingine wa nafasi hiyo hiyo anayemfuata katika orodha, ni mara ngapi wa kwanza huwa bora? Jibu lilikuwa takriban asilimia 52. Ni kama kurusha shilingi hewani.

Utafiti huo haukusema kwamba maskauti ni wajinga. Wanaochaguliwa mapema, kwa jumla, hucheza vyema kuliko wanaochaguliwa mwisho. Ulichoonyesha ni kwamba mameneja hujiamini kupita kiasi, hivyo hulipa gharama kubwa mno kupanda juu ili wampate mtu mmoja waliyempenda.

Kisa cha Tom Brady kinathibitisha hali hiyo. Mnamo 2000 makwotabaki sita walichaguliwa kabla yake. New England Patriots walimchukua katika nafasi ya 199, naye akastaafu akiwa na mataji saba ya Super Bowl. Patriots husifiwa kwa jicho lao kali. Lakini kama kweli walijua wanachokipata, wasingengoja hadi raundi ya sita. Sifa yao halali ni kwamba hawakuacha kutafuta hata nafasi zilipokaribia kwisha, na kwamba walimpa kijana huyo muda na mafunzo.

Nafasi iliyouzwa nayo ihesabiwe

Kosa jingine la wanaohesabu ni kutazama majina yaliyotangazwa tu. Ryan Grigson, aliyekuwa meneja mkuu wa Indianapolis Colts kuanzia 2012 hadi Januari 2017, alianza kwa kumchagua kwotabaki Andrew Luck katika nafasi ya kwanza kabisa. Luck alikuwa mchezaji mzuri mno, lakini alikuwa chaguo ambalo karibu kila mtu alilitarajia. Pongezi kubwa zaidi zingefaa kwenda kwa T.Y. Hilton, mdakaji aliyepatikana katika raundi ya tatu mwaka huo huo.

Septemba 2013 Grigson aliipa Cleveland nafasi yake ya raundi ya kwanza ya 2014 ili ampate mkimbiaji Trent Richardson. Richardson hakufua dafu, na Machi 2015 Colts walimwacha. Jina lake halimo katika orodha ya drafti za Grigson, lakini gharama yake ilitoka humo humo.

Kuna pia upande wa wasiochaguliwa kabisa. Mwaka huo wa 2013, Colts walimsajili Mkenya Daniel Adongo, mchezaji wa raga ambaye hakuwa amewahi kucheza mpira wa Kimarekani. Hakuwa amepitia chuo cha Marekani wala drafti. Desemba mwaka huo alivaa jezi ya klabu hiyo katika mechi rasmi, kabla ya safari yake kufikia kikomo mnamo 2015. Wapo wanaoliita jaribio hilo kushindwa. Lakini kwa mizani ya meneja, halikugharimu nafasi hata moja ya drafti, ilhali kufaulu kwake kungeleta faida kubwa. Kujaribu kwa gharama ndogo si kosa, hata pale tunda linapokosekana. Baltimore nao walimpata mkimbiaji Priest Holmes kwa njia kama hiyo mnamo 1997, ingawa alikuja kung'ara zaidi alipohamia Kansas City.

Mizani inayofaa

Kutokana na mifano hiyo, yapo mambo matano ya kuzingatia kabla ya kutoa hukumu.

Kwanza ni muda. Mkataba wa kwanza wa mchezaji aliyechaguliwa huwa wa miaka minne. Kabla haujaisha, ushahidi haujakamilika. Meneja naye hatathminiwi kwa drafti moja, kwani hata aliyebahatisha anaweza kupata mwaka mmoja wa neema.

Pili ni alichokuwa nacho. Anayechagua wa 2 kila mwaka hawezi kulinganishwa moja kwa moja na anayechagua wa 30. Mafanikio yapimwe dhidi ya matarajio ya nafasi yenyewe.

Tatu ni waliokuwepo. Kumlaumu meneja kwa kumwacha Brady si haki, kwa kuwa kila klabu ilimwacha, hata Patriots wenyewe, mara kadhaa. Lawama inafaa pale ambapo mchezaji bora wa kazi hiyo hiyo alikuwa akifuata na ushahidi ulikuwa wazi siku hiyo, si miaka mitano baadaye.

Nne ni gharama. Kabla ya 2011, kosa la juu lilikuwa ghali mno. Sam Bradford, chaguo la kwanza la 2010, alidhaminiwa dola milioni 50. Mwaka mmoja baadaye, baada ya kanuni mpya za mishahara kuanza, mkataba mzima wa Cam Newton ulikuwa wa dola milioni 22. Makosa ya Millen yaliiumiza klabu mara mbili: uwanjani na mfukoni.

Tano ni nani hasa aliyeamua. Meneja hafanyi kazi peke yake. Nyuma ya Newsome kulikuwa na maskauti wengi, miongoni mwao Eric DeCosta, aliyejiunga na klabu mnamo 1996 na kumrithi mnamo 2019. Kocha pia ana mchango, kwani mbegu njema ikitupwa kwenye mwamba haioti.

Zawadi ya mwisho

Drafti ya mwisho ya Newsome, Aprili 2018, inaweza kusimama kama muhtasari wa rekodi yake yote. Alikuwa na nafasi ya 16. Aliiuza akashuka, akashuka tena, kisha katika nafasi ya 25 akamchagua Hayden Hurst, mdakaji ambaye miaka miwili baadaye Ravens walimuuza. Kwa wakati huo, klabu nyingi zilikuwa zimempita kwotabaki Lamar Jackson wa chuo kikuu cha Louisville, na Newsome mwenyewe alikuwa mmoja wa waliompita.

Kisha, raundi ya kwanza ikielekea ukingoni, alifanya biashara na Philadelphia Eagles, akarudi katika nafasi ya 32 na kumchukua kijana huyo, kwotabaki wa tano kuchaguliwa mwaka ule. Jackson alitawazwa mchezaji bora wa ligi kwa msimu wa 2019, na tena kwa msimu wa 2023. Raundi ya tatu ya drafti hiyo hiyo ilileta Orlando Brown na Mark Andrews, ambao wote walikuja kuwa nguzo za timu.

Katika usiku mmoja, mtu yule yule, akiwa na orodha ile ile mbele yake, alikosea nafasi ya 25 na akapatia nafasi ya 32. Anayetaka meneja asiyekosea atamtafuta hadi achoke. Anayefaa kutafutwa ni yule ambaye, baada ya kukosea, bado ana nafasi nyingine mkononi na utulivu wa kuitumia.